Kioo cha Tempa: Jinsi Kinavyotengenezwa, Kuagizwa na Kufungwa

Kioo cha tempa, yaani kioo kilichochomwa tanuruni na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, hakikatwi, hakitobolewi wala hakisagwi ukingo baada ya kutengenezwa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja anayekuja kuulizia mlango wa duka, kioo cha bafuni au kioo cha juu ya meza, na ndilo msingi wa mwongozo huu wote. Miaka kadhaa iliyopita nilipima mlango wa duka la vitambaa huku Ngamiani, mjini Tanga, kabla marumaru za sakafuni hazijawekwa, nikakubali makadirio kwamba sakafu ingepanda kwa sentimita 2 tu. Kioo kilipofika kutoka Dar es Salaam, sakafu ilikuwa imepanda kwa karibu sentimita 3, na mlango haukuweza kuingia. Mama mwenye duka akaniambia, "Fundi, si ukisage kidogo tu hapo chini? Hizo ni mili chache." Kabla sijamaliza kumweleza, kijana niliyekuwa naye alikwisha kuwasha grainda. Diski iligusa ukingo kwa muda usiozidi pumzi moja, ukasikika mlipuko kama wa tairi lililopasuka, na kioo cha kilo 47 kikawa lundo la punje miguuni petu. Tulipata michubuko midogo tu, lakini kioo cha pili nilikilipia mimi, na ilikuwa haki nikilipie.

Kinachotokea tanuruni

Kioo cha kawaida hutokana na mchanga safi, magadi soda na chokaa, vitu vinavyoyeyushwa pamoja hadi viwe ute mmoja. Ute huo humwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ukaelea na kujitandaza wenyewe hadi ukawa bapa pande zote mbili. Njia hiyo ilibuniwa Uingereza na Alastair Pilkington na kutangazwa mwaka 1959, na ndiyo inayotumiwa hadi leo katika viwanda vya vioo bapa, kikiwemo kile cha Mkuranga, mkoani Pwani, kilichozinduliwa mwaka 2023. Kikitoka hapo, kioo hupozwa polepole ili kisibaki na mvutano wowote ndani yake, na ndiyo sababu fundi anaweza kukichora kwa kikatio na kukivunja kwa kufuata mstari.

Kioo cha tempa huanza kama hicho hicho. Kwanza hukatwa kwa kipimo kamili, kingo zake husagwa, matundu yote hutobolewa, kisha huoshwa na kuingizwa kwenye tanuru lenye rola zinazokisogeza mbele na nyuma ili kisipinde. Humo hupashwa moto hadi kifikie nyuzi 620 hadi 650 za Selsiasi, kwa kiasi cha sekunde 40 kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha milimita 10 hukaa humo dakika sita na ushei. Kikitoka hupigwa papo hapo na upepo mkali kutoka juu na chini.

Upepo huo ndio unaofanya kazi yote. Ukiuacha uji mzito upoe bakulini, juu hushika ngozi wakati ndani bado ni wa moto, na kioo nacho hufanya hivyo hivyo: nyuso zake mbili hukauka na kuwa ngumu kwanza, wakati sehemu ya katikati ingali laini. Baadaye katikati nako hupoa na kutaka kusinyaa, lakini nyuso zilizokwisha kukauka hazikubali kuifuata. Hivyo katikati hubaki ikivuta na nyuso hubaki zimebanwa kwa nguvu kubwa ajabu. Kiwango cha Marekani kinataka mbano huo usipungue megapaskali 69, sawa na uzito wa kilo 700 juu ya kila sentimita moja ya mraba, eneo linalokaribia ukucha wa kidole gumba. Ufa hauwezi kusonga mbele bila midomo yake kufunguka, na katika uso uliobanwa namna hiyo midomo hushindwa kufunguka. Ndiyo maana kioo hiki huwa na nguvu mara nne hadi tano kuliko cha kawaida chenye unene uleule.

Tabaka lililobanwa huchukua kiasi cha moja ya tano ya unene kila upande, yaani milimita 2 hivi kwenye kioo cha milimita 10. Mkwaruzo mdogo usoni hauna madhara makubwa. Lakini ufa ukivuka tabaka hilo na kufika katikati, nguvu yote iliyofungiwa humo hufunguka kwa mara moja na kioo kizima huvunjika. Kiwango cha Ulaya kinataka kioo cha milimita 4 hadi 12 kikivunjwa, mraba wowote wenye sentimita 5 kila upande uwe na vipande visivyopungua 40. Vipande hivyo ni vidogo na butu, tofauti na yale majambia marefu ya kioo cha kawaida yanayoweza kukata mshipa wa mkono. Usalama wa kioo hiki hauko katika kutovunjika, bali katika namna kinavyovunjika.

Hatua ya kwanza: hakikisha tempa ndicho unachokihitaji

Milango ya vioo, madirisha yanayoshuka karibu na sakafu, vioo vya bafuni, rafu na meza za vioo, vyote vinafaa kuwa vya tempa, na kwa nyumba yenye watoto sioni nafasi ya mjadala. Kwa kizuizi cha roshani ghorofani hali ni tofauti, kwa sababu kioo cha tempa kikivunjika huporomoka chote na kuacha uwazi. Hapo agiza vioo viwili vya tempa vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati, ambavyo mafundi huviita laminati, ili hata vikipasuka vibaki vimening'inia mahali pake.

Wateja wengi hudhani pia kwamba tempa huzuia wezi. Haizuii. Ncha ndogo ya chuma kigumu ikigonga mahali panapostahili, mlango wote hushuka, kwa hiyo duka lenye mali libaki na grili au shata lake la usiku.

Hatua ya pili: pima jengo lililokamilika

Usipime kabla ya marumaru kuwekwa, lipu kukauka na fremu kufungwa. Hata ukionyeshwa mchoro, hata ukihakikishiwa, subiri. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Pima kimo mara tatu, kushoto, katikati na kulia. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Vipimo hivyo viwili vya mwisho vikitofautiana, jua uwazi wako umekwenda mshazari, jambo la kawaida sana katika nyumba za zamani za mjini, ambako ukuta wa mawe na chokaa unaweza kupishana kwa sentimita nzima kati ya juu na chini. Thibitisha kwa timazi ukutani na kwa pima maji sakafuni. Uwazi ukiwa na umbo lisilo la kawaida, kata kwanza ubao mwembamba ukae pale pale, kisha utume ubao huo kiwandani pamoja na vipimo.

Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, halafu punguza nafasi ya kupumua. Kwa kioo kinachokaa ndani ya fremu mimi huacha milimita 3 hadi 5 kila upande, na kwa mlango unaofunguka huacha karibu milimita 10 chini. Kioo kisiguse kamwe chuma, saruji au marumaru moja kwa moja.

Kokotoa na uzito, kwa maana bawaba huchaguliwa kwa uzito. Kila mita ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Mlango wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2.1 una mita za mraba 1.89, ukiwa wa milimita 10 utakuwa na kilo 47, na ukiwa wa milimita 12 utakaribia kilo 57. Bawaba za kabati hazifai hata kujaribiwa.

Hatua ya tatu: maliza matundu na kingo kwenye karatasi

Kitasa, bawaba, kufuli, hata tundu dogo la kupitishia waya, kila kimoja kinapaswa kuwa kwenye mchoro kabla ya kioo kwenda tanuruni. Nunua vyuma kwanza, uvipime vikiwa mkononi, kisha uchore. Usichore kwa kufuata picha ya katalogi. Kipenyo cha tundu kisiwe kidogo kuliko unene wa kioo, na kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo kibaki angalau mara mbili ya unene huo. Karibu na pembe, umbali kutoka kwenye kona hadi kwenye tundu usipungue mara sita ya unene. Kwa kioo cha milimita 10, basi, tundu liwe na milimita 10 au zaidi, lisogee milimita 20 kutoka ukingoni na milimita 60 kutoka kwenye kona. Tundu lililo karibu mno na ukingo huanza kupasuka humo humo tanuruni.

Kingo zote zisagwe, hata zile zitakazofichwa ndani ya fremu. Kwa vioo vikubwa au vitakavyokaa juu ya vichwa vya watu, ulizia pia kama kiwanda hupasha vioo joto mara ya pili kwa majaribio. Baadhi ya vioo huwa na chembe ndogo mno za nikeli salfaidi, zisizoonekana kwa macho, ambazo hutanuka taratibu kwa miezi au miaka na kukipasua kioo pasipo mtu kukigusa. Majaribio hayo hukipasua kiwandani kioo chenye kasoro, badala ya kukiacha kipasukie nyumbani kwako.

Hatua ya nne: kagua kioo kinapofika

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takribani kilomita 350, na gari la mizigo halibebi kioo chako peke yake. Kabla ya kutia saini, pitisha kidole chenye glavu kwenye kingo zote nne na ukague kila kona kwa tochi. Kona iliyomeguka, hata kwa ukubwa wa punje ya mchele, ni sababu ya kutosha ya kukirudisha, kwa sababu huenda ufa umekwisha kukaribia katikati.

Je, ni tempa kweli? Tafuta alama iliyochomwa kwenye kona moja, isiyofutika kwa kucha. Kisha fanya jambo ambalo huwafurahisha wateja wangu kila mara: vaa miwani ya jua aina ya polaroidi, simamisha kioo nje asubuhi au jioni, ukitazame kwa mshazari. Kioo cha tempa huonyesha madoa au michirizi myeusi iliyopangika, alama za mahali upepo wa kupozea ulipokipiga, wakati kioo cha kawaida hubaki kitupu. Usikubali kupimiwa kwa kugongwa nyundo. Kipimo hicho hakithibitishi chochote, na kinaweza kukuachia ufa mdogo wa kesho.

Hatua ya tano: kubeba na kukihifadhi

Kioo hubebwa kikiwa wima, na watu wawili au zaidi wenye glavu na viatu vilivyofunikwa. Kiegemezwe ukutani juu ya vipande viwili vya mbao au zulia kuukuu, kisiwekwe juu ya saruji tupu wala kusimamishwa kwa kona moja.

Hatua ya sita: kukifunga

Ndani ya fremu, weka vipande viwili vya raba ngumu chini, kila kimoja kwenye robo ya upana kutoka pembeni, kioo kikalie hapo. Kila chuma kinachobana kioo kiwe na raba yake, na kila skrubu inayopita kwenye tundu iwe na bomba dogo la plastiki linaloitenga na kioo. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu. Kukaza moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine hukipinda kioo.

Hapa pwani lazima niseme neno kuhusu chumvi. Upepo wa Raskazone na Sahare hula chuma cha kawaida kwa mwaka mmoja, na bawaba iliyoota kutu huvimba na kukisukuma kioo kwenye tundu lake. Lipia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kwa nyumba iliyo karibu na bahari, hata kama bei yake inauma. Silikoni nayo ichaguliwe: ile yenye harufu kali ya siki inapokauka hutoa asidi inayokula chuma na kuharibu kingo za kioo cha laminati, kwa hiyo omba isiyo na asidi.

Mlango ukishasimama, bandika mistari inayoonekana, mmoja kati ya mita 1.4 na 1.6 kutoka sakafuni kwa watu wazima na mwingine kati ya sentimita 85 na mita 1 kwa watoto. Nimeshuhudia mzee wa watu akijigonga uso kwenye kioo kisafi kiasi cha kutoonekana, na mwenye duka hakuwa na la kujibu.

Kioo cha bafuni kinachooshwa kwa maji ya kisima hushika ukungu mweupe, kwa kuwa ardhi yetu, kama mapango ya Amboni yanavyoonyesha, ni ya mawe ya chokaa. Futa kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha. Usitumie steelwool, majivu wala mchanga, kwa sababu chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo chochote cha dirisha.

Jiko la gesi la kioo

Kioo cha tempa kilicho katika nyumba nyingi kuliko vingine ni kile cha juu ya jiko la gesi, na ndicho kinacholalamikiwa zaidi. Kioo cha kawaida hupasuka tofauti ya joto kati ya sehemu zake inapofika kiasi cha nyuzi 40, wakati cha tempa huvumilia karibu nyuzi 200. Huo ni uvumilivu mkubwa, lakini una mwisho wake. Sufuria pana la wali wa shughuli hurudisha moto chini na pembeni, ukakipiga kioo kwa saa nzima. Chuma cha chapati hufanya vibaya zaidi. Upepo wa dirishani nao huulaza mwali juu ya kioo. Pikia sufuria zisizozidi sana upana wa mguu wa jiko, linda mwali na upepo, hakikisha kichwa cha jiko kimekaa sawasawa kwenye kiti chake, na subiri kioo kipoe kabla ya kukifuta kwa kitambaa kibichi. Usivunjie nazi juu yake, wala usiweke mchi pembeni mwake mahali unapoweza kudondoka.

Kikipasuka, funga gesi kwenye mtungi kwanza. Chakula kilichokuwa wazi kitupwe chote, hata kama kinaonekana safi. Vipande hukatika zaidi kwa dakika kadhaa na kuruka, kwa hiyo waondoe watoto, vaa viatu, fagia, kisha pitisha gazeti bichi sakafuni kukusanya punje ndogo.

Protekta ya simu

Kioo cha protekta kina unene wa kama milimita 0.33, wembamba ambao upepo hauwezi kuufanyia kazi kwa sababu ndani na nje hupoa kwa pamoja. Kilicho kizuri huimarishwa kwa kuzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 400, ambamo chembe za sodiamu hutoka usoni mwa kioo na chembe kubwa zaidi za potasiamu hujibana katika nafasi zile zile. Maandishi ya 9H kwenye boksi yanatokana na kipimo cha ugumu wa penseli, na hayana maana kwamba mchanga wa ufukweni hautakikwaruza, utakikwaruza.

Ibandike katika chumba kilichofungwa, feni ikiwa imezimwa. Nawa mikono, futa skrini kwa spiriti, kausha kwa kitambaa laini, nasa vumbi lililobaki kwa kibandiko, linganisha protekta na tundu la kamera, iachie, bonyeza katikati mara moja na uache gundi itembee yenyewe. Ikishapata ufa ibadilishe, kwa sababu vipande vyake huchoma vidole na haiwezi tena kupokea pigo.

Ndani ya basi

Katika magari mengi, vioo vya ubavuni na cha nyuma ni vya tempa, na cha mbele ni cha laminati. Tofauti hiyo inaweza kuamua nani anatoka. Ukipanda basi stendi ya Kange, tazama kwanza kinyundo chenye ncha kimening'inizwa wapi na dirisha la dharura ni lipi. Ikilazimu kutoka, usipoteze nguvu kwenye kioo cha mbele, kwa sababu utando wake utakizuia kisifunguke. Geuza uso, piga dirisha la ubavuni karibu na kona, sentimita chache kutoka kwenye ukingo, na si katikati ambako kioo hunesa. Kikishakuwa punje, zisukume nje kwa begi au kwa kiatu, tandika nguo juu ya ukingo wa chini, ndipo uwapitishe watoto.